Steringi Habebi Mzigo

Wadau, leo siandiki habari za bandari wala bei ya korosho. Leo nataka tuongee picha za vita, zile tulizokua nazo, na hasa zile zinazodai kuonyesha vita iliyopiganwa huku kwetu kusini.

Chanzo ni jioni moja nikiwa nyumbani Magomeni, hapa Mtwara mjini. Nilikuwa barazani kwa jirani yetu, mzee mstaafu wa JWTZ aliyekwenda vita ya Kagera mwaka 1978 akiwa kijana mbichi. Televisheni ilikuwa imegeuzwa iangalie nje ili watoto wa mtaani nao wafaidi. Kwenye kioo kulikuwa na komandoo mmoja, kifua wazi, anamwaga risasi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa umembeba majeruhi. Maadui wanaanguka kama maembe. Sisi vijana tunashangilia. Mzee kimya.

Picha ilipofika katikati akanigeukia. "Mwanangu, wewe si ndiye mwandishi wa habari? Hebu niambie. Huyu bwana katembea siku tatu porini. Risasi zote hizo kambebea nani? Na mbona tangu picha ianze hajala?"

Tulicheka sana. Lakini usiku ule swali lilikataa kulala. Leo naomba tulifuate mpaka mwisho, kwa sababu lilinifikisha mahali ambapo sikupenda kufika.

Tuanze na mambo mepesi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, kwenye kanda na sidii zilizotafsiriwa na kina Lufufu, tuna sheria moja tunayoijua sote: steringi hafi. Sheria ya pili haisemwi, ila ipo: risasi za steringi haziishi. Hebu tupige hesabu. AK-47 ina magazini ya risasi 30, na ukishikilia kifyatulio inatema kama risasi 600 kwa dakika. Maana yake magazini nzima inakwisha kwa sekunde 3. Steringi akimwaga moto dakika moja tu amemaliza magazini 20. Risasi peke yake, bila magazini zenyewe, zina uzito wa karibu kilo 10. Na yule bwana kifua wazi, hana hata mkoba.

Guruneti nalo wanalionea. Kwenye picha linalipuka na kutoa moto mkubwa kama tangi la petroli. Guruneti la kawaida la kutupa kwa mkono linaua kwa vipande vya chuma. Unachokiona ni mshindo, vumbi na moshi kidogo. Na kung'oa pini kwa meno, mzee anasema, jaribu kama umechoka kuwa na meno.

Makosa haya watu duniani wanayajua na wanayacheka. Wapo wanaokaa na picha ya vita wakiisimamisha kila dakika: kofia ile ilikuwa haijatengenezwa mwaka ule, kifaru kile ni cha Marekani kimepakwa rangi ya Kijerumani. Nami nikasema ngoja nifanye hivyo kwa picha zinazotuhusu. Zipo, tena za majina makubwa.

Ya kwanza ni Shout at the Devil ya mwaka 1976, wamo Lee Marvin na Roger Moore. Imetokana na riwaya ya Wilbur Smith, na inatuhusu moja kwa moja, maana inapita mpakani mwa Tanganyika ya Wajerumani na Msumbiji ya Wareno, yaani Ruvuma hii yetu, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya kivita ya Kijerumani inaitwa Blücher, imejificha kwenye delta. Mashujaa wetu wanaingiza bomu ndani yake, inalipuka, mambo yanakwisha.

Sasa tusimamishe kanda. Blücher ya kweli haikuwahi kujificha kwenye mikoko yetu. Ilizamishwa na Waingereza tarehe 24 Januari 1915 kwenye Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya kwenye baridi. Meli iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, kaskazini mwa kwetu, ni Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza palepale bandarini Zanzibar, kisha ikaingia Rufiji na haikutoka tena. Wala haikuuawa na bomu la mtu aliyenyata usiku. Waingereza walileta meli mbili zinazoweza kuelea kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, wakapiga tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa, wakarudi tarehe 11 wakafaulu, huku ndege zikitoka kisiwani Mafia kuwaelekeza makombora yanakoangukia. Mabaharia wa Kijerumani wenyewe ndio waliomalizia kwa kuilipua meli yao.

Ya pili ni The African Queen ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hapo tuko Tanganyika vilevile, na meli ya Kijerumani ziwani inazamishwa na mapenzi ya watu wawili pamoja na torpedo za kujitengenezea. Meli iliyotawala Ziwa Tanganyika wakati ule ilikuwa Graf von Götzen. Haikuzamishwa na mpenzi wa mtu. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wanaondoka Kigoma, wakaipaka mashine zake grisi nzito zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina ambalo msomaji yeyote wa Tanzania analijua: Liemba.

Ya tatu ni ya televisheni, ile mfululizo ya Indiana Jones akiwa kijana, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuna sehemu ya Afrika Mashariki, mwaka 1916, na humo kijana wetu anamteka Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa majeshi ya Wajerumani. Jamani! Majeshi ya Uingereza, India, Afrika Kusini, Nigeria, Gold Coast, Ubelgiji na Ureno yalimtafuta mtu huyu miaka minne na hayakumtia mkononi. Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Hapo nilijiona mjanja. Nikataka kuandika makala ya kuchekesha, "Makosa 10 ya Hollywood Tanganyika", nipate sifa. Nikaanza kusoma ili niongeze makosa. Badala yake nikakuta ukweli ambao ungewekwa kwenye picha tungesema ni uongo.

Chukua bunduki. Vita ilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani huku yalikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako kama umewasha jiko la kuni, na adui anajua ulipo. Picha ikiwaonyesha askari wale mwaka 1914 na bunduki safi zisizotoa moshi, imekosea kwa wengi wao. Lakini twende mbele mpaka 1918. Askari haohao wa Kijerumani wamebeba bunduki za Kireno na za Kiingereza walizoteka. Mtengeneza filamu akionyesha hivyo, mjuaji mmoja ataruka kitini: "Kosa! Mjerumani na bunduki ya Mreno!" Kumbe hapo ndipo picha imepatia.

Au chukua Sudi, hapa karibu tu, ukifuata pwani kwenda Lindi. Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya doria ya Waingereza baharini ikaingia ghuba ya Sudi, imejaa silaha, risasi na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck. Shehena ikashushwa, ikaondolewa pwani. Mwezi uliofuata manowari za Waingereza zilifika zikaipiga, meli ikatobolewa, ikazibwa viraka, ikatoroka mpaka Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Hakuna aliyeitengenezea sinema.

Au hii, ambayo niliposimulia barazani waliniambia nimevuta. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la chuma na kitambaa, zeppelin L 59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria. Safari yake ilikuwa kuja kutua uwanda wa Makonde. Ndiyo, huku juu kwetu kwa kina Newala. Ilibeba risasi, bunduki za rashasha, dawa na bandeji, na haikutegemewa kurudi: kitambaa chake kingekatwa mahema. Ilifika Sudan ikaitwa irudi kwa redio kwa kuwa mambo huku yalikuwa yamegeuka. Ikarudi Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya kuruka takriban kilomita 6,800 kwa saa 95. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma na kuipiga ngome ya Wareno pale Ngomano, ambako alijipatia bunduki, risasi na chakula bila puto la mtu.

Sasa rudi kwenye swali la mzee. Marie ilishusha shehena Sudi. Hapakuwa na reli. Reli ya kati ilikuwa mbali kaskazini. Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Nani aliibeba?

Königsberg ilipokuwa Rufiji, mitambo ya boila zake iliharibika. Ikavutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, ikarudishwa. Nani aliivuta? Meli ilipokufa, mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu na kupigana bara. Mmoja leo umekaa Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, watalii wanapiga nao picha. Nani aliukokota?

Wapagazi. Vita ile yote, pande zote, ilikaa juu ya vichwa vya wapagazi. Na hapa ndipo hesabu inapotisha kuliko ile ya AK-47. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25 hivi. Tuseme ni unga. Mpagazi naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula kilo 20. Askari wa mbele amebakiwa na kilo 5. Kwa hiyo ili askari mmoja ale, wanatakiwa wapagazi wengi. Na ili wapagazi wale ipasavyo, wanatakiwa wapagazi wengine. Mkubwa wa jeshi akitaka kupunguza idadi, njia iko moja: wapagazi wale kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa. Waingereza peke yao waliandikisha takriban watu milioni moja katika vita vile, wengi kwa nguvu. Mwaka 1917 wakati vita imehamia kusini huku, walizoa wanaume hata kwenye maeneo waliyokuwa wameyateka kwa Wajerumani jana yake. Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa upande wao ni takriban 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva wa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Upande wa Wajerumani, wanaume na wanawake waliobebeshwa hawakuandikwa kwenye daftari la kuaminika. Na vijiji vilivyobaki vikanyang'anywa chakula na wote wawili.

Oktoba 1917 pale Mahiwa, njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, majeshi haya yalikutana siku nne. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 katika 4,900, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Wengi wa waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika. Wanigeria walitolewa kwao mpaka huku kuja kufa kwenye mihogo yetu. Ilikuwa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile huku Afrika. Ukipita leo kwa basi hujui.

Sasa rudia zile picha tatu ukiwa na jicho la mpagazi. Kwenye Shout at the Devil, kazi ya kibarua inapata umaana pale tu steringi mwenyewe, Roger Moore, anapojibadilisha afanane na vibarua Waafrika ili aingie na bomu melini. Yaani mpagazi akiwa muhimu, basi si mpagazi, ni Mzungu. Kwenye Out of Africa ya 1985 angalau kuna mikokoteni ya ng'ombe inayopeleka vitu kwa wanajeshi mpakani, lakini safari ni ya Meryl Streep, wanaotembea pembeni hawana majina. Kosa hili huwezi kulikamata kwa kusimamisha kanda na kuangalia kifungo cha sare. Bunduki inaweza kuwa sahihi, kofia sahihi, mwaka sahihi, na vita nzima ikawa ya uongo kwa sababu hakuna mtu aliyebeba kitu.

Nimeliona kosa hilohilo kwenye shaba pia. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inaonyesha askari na singe yake. Maandishi ya chini, yenye Kiswahili ndani yake, yanawakumbuka na wapagazi. Lakini nani anasimama katikati ya magari kusoma maandishi? Sisi tunaona askari. Nairobi walitengeneza watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi aliachiwa jina la soko: Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Tunakwenda kununua viatu pale kila siku juu ya jina lao.

Wanaweza kusema, bwana mdogo, sinema ni burudani, nani atalipa kiingilio aone watu wanatembea na unga? Nawaelewa. Picha haiwezi kubeba kila kitu, na risasi zisizoisha hazimuui mtu. Ila watu wengi historia yao ya vita wanaipata hapohapo kwenye kioo. Asiyeonekana kwenye kioo anaonekana hakuwapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Hilo si kosa la Hollywood. Lakini ni kosa la aina ileile.

Sasa nifike pale ambapo sikupenda kufika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika makala kuhusu Boma la Mikindani, jengo la Wajerumani la mwaka 1895, na jinsi Waingereza walivyoingia Mikindani Septemba 1916. Nilijivunia sana. Nilitaja meli, maofisa, tarehe. Nilikata gazeti nikampelekea bibi yangu, nikamsomea yote, maana macho yake hayaoni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole tu:

"Na babu yake baba yangu, hukumweka?"

Nikamwambia bibi, sikujua kama alikuwapo. Akasema alichukuliwa shambani, akafungwa kamba na wenzake, akapewa mzigo, akaelekea Ruvuma. Hakurudi. Familia haijui alichukuliwa na Mjerumani au Mwingereza. "Waliokuja walikuwa na bunduki," bibi alisema. "Nani aliwauliza kabila?"

Nilikuwa na maneno 1,200 gazetini na sikuwa nimemweka hata mpagazi mmoja. Nilikuwa nimetengeneza Shout at the Devil yangu mwenyewe, ila mimi sikuwa na Roger Moore.

Juzi nilirudi kwa mzee barazani nikamwambia nimepata jibu la swali lake. Nikamsimulia haya yote, unga, Sudi, Mahiwa. Akasema hata Kagera anaikumbuka zaidi kwa malori kuliko kwa mizinga: serikali ilichukua malori na mabasi ya watu na mashirika, madereva raia wakayaendesha mpaka mbele, na siku lori lisipofika ndiyo siku mnajua mko vitani. "Wale madereva," akasema, "hakuna aliyewavalisha nishani mbele yangu."

Kisha akaninyang'anya rimoti akaweka mpira.

Wadau, naombeni kitu kimoja. Mkiwa na bibi au babu, hasa ninyi wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala mpaka ng'ambo ya mto kule Kionga, ulizeni nani katika ukoo alibebeshwa mzigo. Majina yao hayapo kwenye daftari lolote. Yapo kwenye vinywa vya wazee, na wazee wanaondoka. La babu yetu nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kazini, juu ya namba za simu za wakubwa wote.